Siku Tuliyotangaziwa Ushindi

Kambini, 9 Februari

Dada,

Shuleni tulifundishwa kuandika, "Mimi mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali." Leo mwalimu angenipa sifuri. Mzima ni mzima, lakini hofu ninayo mimi. Naamka nayo, nakula nayo, nalala nayo. Mstari huu usimsomee Mama. Yeye msomee kuanzia hapa:

Mama, shikamoo. Nakula vizuri na ile fulana ya sufi bado naivaa. Wamenipa kazi ya udereva, siyo ya kushika bunduki, kwa hiyo toa wasiwasi. Mwanao, Chelewa.

Hapo ishia. Yanayofuata ni yako.

Ninaendesha boza. Nachota maji kisimani nyuma ya kambi, nawapelekea wenzetu walio mbele, wa kilimani na wa darajani. Barabara ina kipande kirefu kisicho na hata kichaka, na hapo ndipo nyuki hutupata. Nyuki ni jina tulilozipa hizi ndege ndogo zisizo na rubani. Unazisikia kabla hujaziona, na ukishaziona, basi tena. Mwenzangu garini ni Fundi, mekanika mtu mzima, ana mke na mabinti wawili, wanakaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Tukifika kile kipande anavuta kofia mpaka puani. Nikamwambia, "Fundi, ukijifunika wewe ndiyo nyuki hawatuoni?" Akasema, "Mimi nisipowaona, nusu ya kazi imekwisha."

Kile kilima ulichotangaza mwezi uliopita kwamba tumekiteka, tulikiacha. Juzi tumekichukua tena. Jana kwenye gwaride mmoja wetu alijitia ujasiri akamuuliza Meja, "Afande, tumekuja kufanya nini hasa? Tukishinda tutajuaje?" Meja alimwangalia, akaangalia viatu vyake mwenyewe, akajibu, "Mtaambiwa."

Basi tunasubiri kuambiwa. Saa saba mchana Fundi anafungua redio. Wenzangu wanasikiliza habari, mimi nakusikiliza wewe. Tangu utotoni ukidanganya unakimbiza maneno. Siku ukisoma polepole nitajua ni kweli.

Na walioniita Chelewa hawakukosea. Hata vitani nimefika wenzangu wameshachoka.

Mdogo wako,
Chelewa

*

Mjini, 20 Februari

Mdogo wangu,

Nilimsomea Mama kama ulivyoagiza. Ya fulana ya sufi ilimchekesha, kisha akauliza kwa nini karatasi imejaa pande zote na mimi nimesoma mistari mitatu. Nikamwambia zilizobaki ni habari za magari. Mama si mtoto.

Usifanye mzaha na sauti yangu. Huku nako kuna hofu yake. Yule bwana wa taarifa ya jioni, mwenye sauti nzito uliyekuwa ukimwigiza, alisoma "wamerudi nyuma" mahali palipoandikwa "wamejipanga upya". Ulimi uliteleza tu. Kesho yake kiti chake kilikuwa kitupu na kikombe chake bado kina chai. Hakuna aliyeuliza. Mimi pia sikuuliza. Nilikiosha kile kikombe nikakirudisha kabatini, na mpaka leo sijui kwa nini nilifanya haraka vile.

Hatusemi vita, tunasema operesheni. Waliokufa hatuwasemi kabisa. Siku moja, tukiwa wawili tu, nilimuuliza Mhariri, "Hivi hii operesheni inaishia wapi? Nikijua mwisho wake nitajua namna ya kuisoma." Akaenda kufunga mlango kwanza. Akasema, "Wakubwa walipoianza walitaka kuwatisha wale wa ng'ambo. Wale hawakutishika. Tangu hapo kila mkutano wanatafuta walichokuwa wanakitaka." Kisha akanisihi nisahau kwamba amesema.

Nawe sahau. Ukimaliza kuisoma hii, ichane. Na kile kipande kisicho na vichaka, kipite mbio.

Dada yako

*

Kambini, 6 Machi

Dada,

Nyuki walitupata. Hawakutulipua, walitutoboa. Tangi lilitoboka matundu na maji yakaruka pande zote kama ng'ombe aliyekamuliwa na wendawazimu. Mimi nilijirusha chini ya gari. Fundi alishuka na mche wa sabuni, akaukata vipande kwa kisu, akaziba tundu moja baada ya jingine, pale pale barabarani, huku mlio unazunguka juu yetu. Mikono yake ilikuwa imetulia kama yuko gereji. Aliporudi ndani na kufunga mlango ndipo alipoanza kutetemeka. Alitetemeka mpaka darajani.

Wa darajani walikunywa maji yenye povu. Mmoja akasema, "Leo tunaoga mpaka matumbo." Tulicheka, Dada. Tulicheka kupita kiasi, kama watu wenye homa.

Kilima tumekipoteza tena, na wenzetu wanne hawakushuka. Upande wa pili walikaa kule juu muda mfupi, wakaondoka wenyewe. Sasa kiko kitupu. Kila upande unaogopa kukirudia. Hebu niambie wewe uliyesoma: kilima kisicho na mtu, nani kashinda?

Usinijibu kwa ile methali ya fahali na nyasi. Kila mtu hapa ameshaisema.

Chelewa

*

Mjini, 14 Machi

Chelewa, usitoke ulipo. Nimeanza na hilo ili hata karatasi ikichanika ulione kwanza.

Jana mchana ulinisikia. Sasa sikia ilivyokuwa. Mhariri aliingia na karatasi moja na watu wawili kutoka juu. Walikaribishwa viti wakakataa. Karatasi ilisema majeshi yetu yameshinda, operesheni imetimiza malengo yake yote, na vijana wetu sasa watarudi nyumbani. Nikauliza, "Malengo yapi? Wasikilizaji watataka kujua." Mmoja akasema, "Soma 'yote'." Nikauliza watarudi lini. Akasema, "Hapo pameandikwa lini?" Nikamwambia hapajaandikwa. "Basi usisome lini."

Nilikumbuka ulichosema. Nilitaka kukimbiza maneno ili wewe, wewe mmoja, ujue. Lakini walisimama nyuma ya kioo, na kabla taa nyekundu haijawaka yule mmoja aliniambia kwenye spika, "Polepole, mama. Ushindi hausomwi mbio." Nikasoma polepole. Sijawahi kusoma vizuri kama jana. Woga ndio ulionisomesha.

Nilipotoka nje mji mzima ulikuwa honi na vigelegele. Watu wasiojuana wanakumbatiana. Nimefika nyumbani nikamkuta Mama anafagia chumba chako. Sikuweza kumwambia.

Mdogo wangu, hakuna mpango wowote wa kuwarudisha. Mhariri ameninong'oneza kwamba hakuna gari hata moja lililoagizwa. Usitoke mpaka Meja akuamuru kwa mdomo wake mwenyewe.

Dada yako

Nyongeza, 18 Machi. Serikali ilitoa mapumziko ya kusherehekea ushindi na posta ikafungwa. Nimezunguka mji na bahasha hii mkononi, kila mlango una kufuli na bendera. Leo ndiyo wamefungua. Mungu aipe mbio.

*

Kambini, 15 Machi

Dada yangu, Dada wa roho yangu!

Tumeshinda! Nilikusikia kwa masikio yangu. Ulisoma polepole, neno kwa neno, kama unavyomhesabia Mama vidonge vyake. Wenzangu wote walikuwa wanaangalia redio. Fundi alikuwa ananiangalia mimi. Akaniuliza, "Vipi?" Nikasema, "Ni kweli. Huyu nimelelewa naye. Ni kweli." Mzee mzima alikaa chini mavumbini akalia.

Jioni hiyo hata ng'ambo ya mto walipiga risasi hewani. Tulidhani wanapiga mayowe ya kushindwa, kumbe wanaimba. Fundi anasema wamefurahi kushindwa wakiwa hai, naye hawalaumu.

Meja peke yake ndiye hajasema kitu. Simu ya makao makuu haipokelewi. Tulimwendea tukamwambia, "Afande, ulisema tutaambiwa. Tumeambiwa." Akajibu, "Mimi sijaambiwa." Lakini hakutuzuia. Aligeuka akaingia hemani, na mgongo wake ulikuwa kama wa mtu anayetaka kutoona.

Kesho asubuhi tunaondoka, mimi na Fundi ndani, wenzetu saba juu ya tangi. Barua hii naiwahisha kwa mtu wa posta ya jeshi. Mwambie Mama aniwekee kitanda dirishani. Mwambie mke wa Fundi amtengenezee mumewe maji ya kuoga, ya moto, mengi, yasiyo na povu la kisima chetu.

Kwa mara ya kwanza nawahi, Dada!

Chelewa

*

Mjini, 30 Machi

Chelewa,

Ya tarehe 15 imefika jana. Naituma hii kambini kwa Meja kwa kuwa sina pengine pa kuituma. Uko wapi? Barabara ni ya siku mbili kwa gari bovu, na wewe hujafika. Mke wa Fundi anakuja kila jioni. Anasimama mlangoni, haingii, anauliza, "Bado?" Namwambia bado.

Yeyote atakayeifungua bahasha hii, tafadhali, mwandikie mtu neno moja.

Dada

*

9 Aprili

Dada,

Usihangaike. Niko hai, niko mahali tulivu, mbali na nyuki. Meja ndiye aliyenifikishia barua zako zote mbili kwa pamoja. Tulisimamishwa njiani, tumewekwa hapa kwa muda mpaka mambo ya karatasi yakae sawa. Kuna ukuta imara, kuna paa, chakula kinaletwa mlangoni. Fundi amepumzika. Hana tena haja ya kuvuta kofia.

Nina jirani chumba cha pili. Hatuonani, tunaongea kupitia ufa wa ukuta karibu na sakafu. Siku ya kwanza nilimuuliza ametokea wapi. Akanitajia ng'ambo ya mto! Nikamuuliza amefikaje huku. Akasema, "Nilikuwa narudi nyumbani. Redio yetu ilitangaza tumeshinda. Nikapotea njia gizani, nikaangukia mikononi mwenu." Nikamwambia haiwezekani, walioshinda ni sisi. Akasema, "Nyinyi mlishinda siku gani?" Nikamwambia. Nikasikia anacheka, taratibu kwanza, mwishowe akapaliwa. Ni siku ile ile. Kazi yake huko kwao ni kupaka rangi. Alikuwa ananieleza jinsi ya kuchanganya rangi ya mlango isipauke juani.

Mwambie Mama niko kazini. Usije huku, si mahali pa wageni.

Chelewa

*

Mjini, 17 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaketi sakafuni. Uko hai! Mama alinipigia kelele kwamba nitachafua gauni, huku yeye mwenyewe analia.

Nilikwenda mbio kwa mke wa Fundi. Nikamwambia, "Mumeo amepumzika, yuko salama na mdogo wangu, wako mahali penye ukuta na paa." Mabinti waliruka ruka. Ametuma soksi, nazitia humu pamoja na dawa yake ya mgongo. Mwambie Fundi mkewe anasema apumzike mpaka achoke kupumzika.

Kazini nimepandishwa. Kila asubuhi wanarudia ule mkanda wangu wa ushindi. Najisikia nikiwa kwenye ngazi, nikiwa sokoni, madukani. Jana kwenye taarifa nimesoma kwamba "mapigano madogo baada ya ushindi" yanaendelea darajani. Nilipomaliza, Mhariri hakunitazama.

Dada yako

*

25 Aprili

Kwa Dada wa Dereva,

Mimi ni mkuu wa kikosi cha ndugu yako, yule wanayemwita Meja. Barua zinazoingia pale alipo hupitia kwangu. Bahasha yako imefika na soksi, nikaona sina budi kukuandikia.

Ndugu yako hayuko mapumzikoni. Yuko mahabusu ya jeshi. Tarehe 16 Machi gari lao lilifika kizuizi cha barabarani kinacholindwa na askari wetu wenyewe. Askari hao walikuwa na amri moja: gari lolote litokalo mbele bila kibali lihesabiwe kuwa limetekwa na adui. Ushindi walikuwa wameusikia redioni kama nyinyi, lakini amri haikubadilishwa. Fundi alishuka ameinua mikono juu, kofia mkononi, akipaza sauti, "Tumeshinda! Tumeshinda!" Askari mmoja aliogopa, akafyatua. Fundi alifariki hapo hapo.

Waliobaki wanashtakiwa kwa kutoroka jeshini wakati wa vita. Adhabu yake unaijua, nisiiandike.

Shauri litasikilizwa tarehe 20 Mei. Wanaulizwa nani aliwaambia vita vimekwisha. Wenzake wanasema ni redio, na dereva alithibitisha kwamba anaifahamu sauti. Yeye anakana. Anasema aliota. Anakuficha, maana kutangaza habari za uongo wakati wa vita nalo ni kosa lenye adhabu yake.

Sikuamuru kuondoka, wala sikukataza. Nimeandika hivyo kwenye maelezo yangu. Nimeombwa niyaandike upya.

Shahidi anaweza kujitokeza kwa hiari. Sikushauri uje, wala sikushauri usije. Naona hiyo ndiyo tabia yangu.

Meja

*

Mjini, 2 Mei

Chelewa,

"Amepumzika." Umeniandikia "amepumzika", nami nikalichukua neno hilo nikalipeleka kwa mwanamke wa watu na mabinti zake. Siku niliyopata barua ya Meja nilirudi tena kwenye mlango ule. Aliponiona hakusema "Bado?" Alisema, "Soksi zilimtosha?"

Sitakusimulia kilichofuata. Alipopata sauti aliniuliza jambo moja: "Waliomuua ni wale tuliowashinda?" Nikamwambia hapana. "Ni wale waliotushinda?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi ni nani, dada? Nimchukie nani?"

Nilikukasirikia usiku kucha, halafu nikaona mimi nami nilimsomea Mama mistari mitatu tu.

Nakuja tarehe 20. Mhariri amenisihi nisiende. Amesema, "Ukitamka kwamba ile taarifa ilikuwa uongo, mimi sijawahi kukuona." Naogopa. Lakini nakuja.

Dada

*

10 Mei

Dada, usije. Nakuomba kwa jina la Mama.

Sikukuambia ya Fundi kwa sababu mkono ulikataa. Mimi ndiye niliyemwambia ni kweli. Aliniangalia mimi, Dada, hakuangalia redio.

Usije, kwa sababu sasa nimeona. Asubuhi walimchukua jirani, yule mpaka rangi. Jana maofisa walibishana mlangoni kwake, nilisikia kila neno. Mmoja anasema ni mateka wa vita. Mwingine anasema, vita gani, tumeshashinda, mateka hawapo tena. Kama si mateka, ni nani? Hakuna kundi la kumweka. Leo nikasikia kufuli, viatu, na yeye akisema "Kwaheri jirani" kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekwenda dukani. Uji wangu ulipoletwa nikamuuliza mlinzi, "Wa chumba cha pili kapelekwa wapi?" Akasema, "Nani?" Nikamwambia, yule mpaka rangi. Akanitazama, akasema, "Chumba cha pili hakijawahi kuwa na mtu."

Ukisema taarifa ilikuwa ya uongo, watakuweka humo. Baki nyumbani. Mimi nitaendelea na ndoto yangu.

Chelewa

*

Mjini, 21 Mei

Mdogo wangu,

Jana walikutoa nje kabla sijaingizwa, kwa hiyo hujui yaliyosemwa. Nakuandikia kabla sijaanza kuyasahau au kuyapamba.

Chumba kilikuwa darasa la zamani, viti vya watoto vimesukumwa ukutani. Maofisa watatu mezani, Meja pembeni. Nilikuwa nimejiandaa kusema sentensi moja tu: nilisoma nilichopewa. Nilikuwa nimeikariri njia nzima.

Mkubwa wao akaniuliza, "Wewe ndiye uliyesoma?" Nikasema ndiye. "Hiyo taarifa ilikuwa ya kweli au ya uongo?"

Ile sentensi ikapotea. Nilimwona Fundi, mikono juu. Nikasikia nasema, "Afande, mimi sijui. Siku ile niliuliza tumeshinda nini, sikujibiwa. Mnaojua ni nyinyi. Kama ni kweli, vita viliisha siku ile, na hawa walikuwa wanarudi nyumbani kama nilivyowatangazia. Kama ni uongo, niambieni hapa hapa, nami kesho saa saba nitairekebisha hewani. Nitasema tumeambiwa hatukushinda, na aliyeniambia ni nani."

Nilishika mgongo wa kiti cha mtoto, Chelewa. Hakuna aliyenifokea. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Walitazamana kama watu waliosikia kitu kinadondoka chumba cha pili. Hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kusema ni uongo, maana karatasi ilitoka juu kuliko wao. Na hakuna anayeweza kusema vita vimekwisha, maana dirishani tulikuwa tunasikia malori yanapita kwenda mbele.

Walitoka. Walikaa huko muda mrefu. Waliporudi mkubwa alisoma, na yeye alisoma mbio: vita vilimalizika kwa ushindi tarehe 13 Machi. Mtu hawezi kutoroka vita vilivyokwisha. Washtakiwa wote wako huru.

Nilipiga kelele. Nilikimbilia mlangoni kukukumbatia. Na hapo koridoni nikamkuta karani anawagawia nyinyi nguo na karatasi nyingine. Tangu tarehe 14 Machi, kumbe, kuna operesheni mpya, ina jina jipya, na wenye uzoefu wanaitwa kwanza. Nilikuona mgongo tu, unapandishwa lorini. Niliita. Sijui kama ulisikia.

Meja alikuwa amesimama kando yangu. Nikamuuliza, "Hii nayo inatafuta nini?" Safari hii hakusema mtaambiwa. Alisema, "Dada, mimi mwenyewe naogopa," akavaa kofia akapanda lori lenu.

Leo nilikwenda redioni nikarudisha kitambulisho. Nimesema koo langu limeharibika. Mhariri hakubisha, alishukuru kimya kimya. Lakini mkanda wanao, na wataendelea kuupiga. Ukinisikia tena huko, si mimi.

Mama nimemsomea barua zako zote, kila mstari. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ningejua anaogopa ningemwandikia mwenyewe." Yuko hapa pembeni, amechukua kalamu, anatafuta neno la kwanza.

Dada yako

*

Kisimani, 12 Juni

Dada, na Mama pia, kwa kuwa sasa tunasoma wote,

Nilisikia ulivyoniita. Sikugeuka kwa sababu ningeshuka, na wangenipiga risasi mbele yako.

Barua ya Mama imefika. Mama, nimeiweka ndani ya kofia. Nimekuelewa.

Wamenirudishia boza lile lile, limezibwa kwa chuma sasa. Kiti cha Fundi hakina mtu, sikutaka wanipe mwingine. Nyuki wameongezeka. Wanaruka hata huku nyuma kisimani. Daraja walilivunja, hatujui ni sisi au wao, na mahandaki ya wenzetu yapo pale pale, wanalinda mahali daraja lilipokuwa.

Juzi nilitumwa kupeleka maji kwenye kile kizuizi. Nilijua kabla sijafika. Ni kona ile ile, mapipa yale yale mekundu. Wote niliwakuta, na yule aliyefyatua alikuwepo. Sura yake siwezi kuikosea hata nikizeeka. Ana chunusi za ujana, bunduki ni ndefu kuliko yeye. Hakunikumbuka. Alikuja na dumu lake akasimama pale pale alipoangukia Fundi, akanyoosha mkono.

Nilifungua koki. Nilikuwa nimejiambia njiani nitamuuliza jambo, nitamshika shati, nitamtajia majina ya wale mabinti. Mkono ulitetemeka hivi kwamba maji yalimwagika viatuni mwake. Akacheka, si kwa ubaya. Akasema, "Kaka, unaogopa nini? Vita si vimekwisha?"

Nilimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Macho yake yalikuwa yananiuliza kwa dhati, yanataka nimwambie ndiyo. Na vidole vyake kwenye dumu, Dada, vilikuwa vinatetemeka kuliko vyangu.

Nikamjazia. Nikampandishia dumu begani. Nikarudi garini, nikaondoka.

Naandika huku pampu inajaza tangi. Nasikia mlio, bado uko mbali, labda hauji huku. Mama, fulana ninayo. Dada, mwambie mke wa Fundi kwamba alikufa akiwa na furaha, hilo niliona kwa macho yangu, halina mistari ya kuficha.

Tangi likijaa naondoka.

Limejaa.

Chelewa